Madeva, Wapendwa wa Miungu na Wana wa Miungu: Maswali na Majibu ya Marudio

Mada hii huwaangusha watahiniwa kwa sababu moja. Wanaingia chumba cha mtihani wakiwa na sura ya Mungu waliyolelewa nayo, kisha wanaitafuta katika India ya kale. Shika jambo moja, mengine yatapata mahali pake: katika maandiko ya Kibuddha uungu ni cheo, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Na mfalme anayejipamba kwa jina la miungu mara nyingi anataja ukaribu wake nao, hasemi ameumbwa kwa udongo gani.

Swali la 1. Deva ni nani?

Ni kiumbe aliyezaliwa mbinguni kwa sababu ya matendo mema ya maisha yake ya nyuma. Anang'aa, anastarehe, anaishi muda mrefu kupindukia na ana uwezo ambao binadamu hana. Lakini hakuumba ulimwengu, hafuti dhambi za mtu, na siku zake zikitimia anakufa na kuzaliwa kwingine, pengine mahali duni kuliko alipotoka. Maandiko ya Kibuddha ya lugha ya Kipali yanataja dalili tano za kifo cha deva: shada lake la maua hunyauka, mavazi huchakaa, jasho humtoka kwapani, mwili hupoteza mng'ao, na kiti chake cha enzi hakimpi raha tena.

Kosa la kawaida hapa ni kutafsiri deva kuwa "malaika". Malaika hutumwa na Mola wake. Deva hana aliyemtuma. Yuko mbinguni kwa haki ya matendo yake mwenyewe, na akiba hiyo ikiisha anaondoka.

Tofautisha pia na dini ya Veda iliyotangulia. Rig Veda ina nyimbo 1,028, na karibu robo yake zinamsifu Indra. Humo madeva hulishwa kwa kafara inayopitishwa motoni, nao hujibu kwa mvua, mifugo na ushindi vitani. Wabuddha hawakuwafukuza miungu hao. Waliwaacha mbinguni, wakawapunguzia madaraka.

Swali la 2. Madeva huishi muda gani? Onyesha hesabu.

Swali hili lina alama za bure kwa anayejua kuzidisha. Katika mbingu ya chini kabisa, ile ya Wafalme Wakuu Wanne, siku moja ni sawa na miaka 50 ya binadamu, mwezi una siku 30, mwaka una miezi 12, na umri wa mkazi ni miaka 500 ya huko. Kwa hiyo 500 × 360 × 50 = 9,000,000. Mbingu inayofuata, ya Thelathini na Watatu, siku yake ni miaka 100 yetu na umri ni miaka 1,000: yaani miaka 36,000,000.

Usiishie kwenye namba. Andika sentensi moja inayoeleza shabaha yake: muda huo ni mrefu kiasi kwamba mkazi wake anaweza kujidhania wa milele, naye anakosea. Mafundisho ya Theravada yanahesabu ngazi 31 za kuwapo, na mbingu zote ni sehemu ya mzunguko uleule wa kufa na kuzaliwa ambao mnyama na mtu wamo ndani yake.

Swali la 3. Wataje Wafalme Wakuu Wanne, pande zao na raia wao.

Mashariki ni Dhatarattha, anayetawala gandhabba, wanamuziki wa mbinguni. Kusini ni Virulhaka na viumbe waitwao kumbhanda. Magharibi ni Virupakkha na naga, yaani majoka. Kaskazini ni Vessavana, ambaye jina lake jingine ni Kuvera, bwana wa yakkha (aina ya pepo) na wa mali. Wanakaa kwenye miteremko ya Mlima Meru wa visasili vya Kihindi na kazi yao ni ulinzi. Walisafiri na dini hadi Asia ya Mashariki. Hekalu la Shitenno-ji mjini Osaka limepewa jina lao. Yatosha.

Swali la 4. "Sakka ni Indra aliyefundishwa adabu." Jadili.

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Indra wa Veda ni shujaa mwenye radi mkononi, mnywaji wa soma (kinywaji cha ibada), muuaji wa joka Vritra. Kwa Wabuddha anaitwa Sakka, mfalme wa madeva katika mbingu ya Thelathini na Watatu. Bado anapigana na asura, maadui wa madeva, bado anaitwa "Indra wa miungu", lakini tabia imebadilika. Ni mfalme mpole, mwuliza maswali, mlinzi wa watu wema. Katika Jataka, yaani hadithi za maisha ya nyuma ya Buddha, mtu mwema akipata shida duniani kiti cha Sakka hupata moto, naye huinama kutazama kuna nini.

Cheo hicho alikipataje? Ufafanuzi wa Kipali unasimulia kwamba zamani alikuwa kijana wa kijiji kimoja cha Magadha, jina lake Magha. Alianza kwa kufagia mahali pa kusimama, kisha yeye na wenzake, jumla watu 33, wakatengeneza barabara na kujenga nyumba ya kupumzikia wasafiri. Mkuu wa kijiji akachukia, maana watu waliacha ulevi na mapato yake yakapungua. Akawashitaki kwa mfalme kuwa ni wezi. Tembo waliletwa kuwakanyaga, wakakataa. Walipokufa wote walizaliwa mbinguni, na Magha akawa mfalme wao. Ufalme wa mbinguni, basi, umetokana na kazi ya barabara! Mtahini akikuuliza maadili ya hadithi, taja pia nadhiri zake saba, kuanzia kuwatunza wazazi hadi kuizuia hasira.

Sasa ushahidi wenye nguvu zaidi, ambao watahiniwa wachache huukumbuka. Katika Samyutta Nikaya, mkusanyo wa hotuba za Kipali, kuna hotuba fupi inayopitia lakabu za Sakka moja baada ya nyingine na kuzieleza upya. Veda ilimwita Purandara, mvunja ngome. Kwa Kipali amekuwa Purindada, mtoaji sadaka mji hadi mji. Vasava, jina jingine la zamani, linaelezwa kuwa alitoa makao kwa wasafiri. Lakabu ya "mwenye macho elfu" katika simulizi za Kihindu inahusishwa na aibu yake ya kumwendea Ahalya, mke wa mwenye hekima Gautama. Wabuddha wanasema maana yake ni kwamba anaweza kuwaza mambo elfu kwa mara moja. Majina yamebaki, sifa ya kivita imetolewa ndani yake na ya ukarimu ikatiwa. Ukiandika aya hii vizuri, hoja ya swali imeshathibitika.

Malizia kwa kusema Sakka ni kama kiti cha mkuu wa wilaya: anayekikalia hubadilika, kiti kinabaki. Katika hotuba ya Sakkapanha anakwenda kumwuliza Buddha maswali kwa sababu, kwa mujibu wa ufafanuzi, ameziona dalili za kifo chake. Ufafanuzi huohuo unasema alikufa akiwa amekaa palepale akisikiliza, akazaliwa tena Sakka mpya. Usimchanganye na Wasakya, ukoo alikozaliwa Buddha.

Swali la 5. Eleza kisa cha Brahma Mkuu na mtawa aliyekuwa na swali.

Kimo katika hotuba ya Kevaddha, Digha Nikaya. Mtawa alitaka kujua ni wapi ambapo ardhi, maji, moto na upepo hukoma pasipo kubaki kitu. Akapanda mbingu moja baada ya nyingine, kila kundi la madeva likimwelekeza juu zaidi. Mwisho akafika kwa Brahma Mkuu, ambaye alijibu kwa kutaja vyeo vyake: yeye ndiye mshindi, mwenye kuona yote, mwumbaji, baba wa waliopo na watakaokuja. Mtawa akasema hakuuliza hilo. Brahma akarudia, mtawa akarudia. Mara ya tatu Brahma alimshika mkono, akamvuta pembeni mbali na watumishi wake, akamwambia hajui, na kwamba hakutaka kuaibika mbele ya miungu wengine. Akamrudisha kwa Buddha.

Ni mzaha, na mzaha wenye makali. Orodha ndefu ya vyeo haikuzaa jibu. Unganisha na hotuba ya Brahmajala, inayoeleza Brahma alivyojidhania mwumbaji: alizaliwa wa kwanza katika ulimwengu mtupu, akatamani wenzake, wenzake wakatokea kwa sababu zao wenyewe, akaamini ametaka nao wakawa. Nao, kwa kuwa walimkuta, wakaamini vilevile.

Swali la 6. Je, Buddha ni mungu?

Hapana kwa mujibu wa maandiko ya Kipali. Brahmini Dona aliona alama za magurudumu katika nyayo zake, akamfuata na kumwuliza kama atakuwa deva, gandhabba, yakkha au binadamu. Akakataa yote manne: yeye ni Buddha. Lakabu yake rasmi ni "mwalimu wa miungu na wanadamu", nayo inamweka juu ya madeva bila kumfanya mmoja wao. Baadaye ilitumika pia devatideva, mungu juu ya miungu, lakini hiyo ni lugha ya kumtukuza, na mtahiniwa mwangalifu ataieleza hivyo.

Swali la 7. Kwa nini mfalme wa kibinadamu aliitwa deva, na mkewe devi?

Katika hadithi za Jataka watumishi humwita mfalme "deva" kila wanapofungua kinywa, na kwa masikio yao ni heshima ya kawaida tu. Wanazuoni wa Kipali waliona utata, wakagawa madeva katika makundi matatu. Kuna deva kwa makubaliano ya watu, nao ni wafalme, malkia na wana wa kifalme. Kuna deva kwa kuzaliwa, wale wa mbinguni. Kuna deva kwa usafi, yaani Mabuddha na maarahanti. Mgawanyo huu ni dhahabu kwa mtihani, na uchunguze mpangilio wake: mfalme ametajwa na watu, mkazi wa mbinguni amezaliwa hivyo, na aliye juu kabisa ni mtawa asiye na hata kikuku.

Swali la 8. Linganisha chanzo cha ufalme katika Aggañña Sutta na katika Sheria za Manu.

Katika Aggañña, watu wa mwanzo walianza kugawana mashamba ya mpunga, wizi ukazuka, kisha uongo na kupigana. Wakakutana, wakamchagua aliyekuwa na sura njema na uwezo, awakemee wakosaji. Wao wakamlipa sehemu ya mpunga wao. Akaitwa Mahasammata, aliyekubaliwa na wengi. Hakuna mungu aliyehusika. Wasikilizaji wa hotuba hiyo, Vasettha na Bharadvaja, walikuwa wamezaliwa Wabrahmini, na hilo halikutokea kwa bahati tu: hotuba nzima inawabishia wanaodai ubora wa kuzaliwa.

Sheria za Manu, kitabu cha Kihindu, sura ya 7, zinasema kinyume. Mfalme aliumbwa kwa chembe za miungu wanane: Indra, Vayu, Yama, Surya, Agni, Varuna, Mwezi na Kubera. Hata mfalme aliye mtoto asidharauliwe kwa kudhaniwa mtu tu, maana ni mungu mkubwa katika umbo la mtu.

Mmoja analipwa mshahara wa mpunga, mwingine ana Indra mwilini. Ila usiandike kwamba Uhindu wote ulimfanya mfalme mungu na Ubuddha wote ukakataa. Maisha ya ikulu hayakufuata mipaka ya vitabu, kama majibu yanayofuata yatakavyoonyesha.

Swali la 9. Chakravarti ni nani?

Mfalme wa dunia nzima anayetawala kwa haki bila fimbo wala upanga. Ana hazina saba: gurudumu, tembo, farasi, johari, mke, mtunza mali na mshauri. Gurudumu humtangulia angani na wafalme wa pande zote husalimu amri. Mtoto Siddhartha, kwa alama 32 za mwili wake, alitabiriwa kuwa ama chakravarti ama Buddha.

Nukta ya kupata alama za juu: katika hotuba ya Chakkavatti-Sihanada, gurudumu hutoweka mfalme anapoacha kiti, na baba humwambia mwanawe kwamba si urithi wa ukoo, alipate kwa mwenendo wake. Mfalme mmoja baadaye alilinda nchi lakini hakuwapa maskini mali. Umaskini ukazaa wizi, wizi ukazaa silaha, silaha zikazaa mauaji, na umri wa watu ukashuka kutoka miaka 80,000 hadi 10. Sijui maandiko mengi ya kale yanayoeleza uhalifu kwa kuanzia bajeti ya serikali.

Swali la 10. Ashoka alijiitaje, na lakabu hiyo inatuambia nini?

Ashoka wa ukoo wa Maurya alitawala takriban 268 hadi 232 KK. Katika maandishi yake ya mawe na nguzo anajiita Devanampiya Piyadasi: mpendwa wa miungu, mwenye kutazama kwa wema. Jina Ashoka karibu halionekani. Ndiyo maana James Prinsep alipofaulu kuusoma mwandiko wa Brahmi mwaka 1837 alimpata mfalme asiyejulikana. Kumbukumbu za kale za Sri Lanka alizozifanyia kazi George Turnour ndizo zilizoonyesha kwamba Piyadasi ni Ashoka. Uthibitisho wa jiwe ulikuja mwaka 1915 huko Maski, Karnataka, ambako lakabu na jina vimeandikwa pamoja.

Je, lakabu ilikuwa yake peke yake? La. Amri ya nane ya miambani inazungumzia watawala wa zamani waliokwenda safari za kuwinda. Nakala ya Girnar inawaita "wafalme", lakini nakala ya Kalsi inawaita "wapendwa wa miungu". Waandishi wa serikali, kwa hiyo, waliona maneno hayo yanaweza kubadilishana. Mjukuu wake Dasaratha aliitumia katika mapango ya Nagarjuni, na mfalme Tissa wa Sri Lanka, aliyempokea Mahinda mleta dini, anajulikana hadi leo kama Devanampiya Tissa.

Tazama pia kilichotokea lakabu ilipovuka mpaka wa lugha. Maandishi ya Kandahar, yaliyogunduliwa mwaka 1958, yako katika Kiyunani na Kiaramu. Humo Kiyunani kinamwita "mfalme Piodasses" tu, miungu wameachwa. Kwa maoni yangu hili linaonyesha kuwa lakabu haikuwa imani ambayo kila raia alipaswa kuitamka. Ilikuwa heshima ya ikulu iliyozoeleka kwa masikio ya Kihindi.

Na usimwite Ashoka mfalme aliyejifanya mungu. Amri ya kumi na tatu, inayohusu vita vya Kalinga, inakiri watu 150,000 waliohamishwa, 100,000 waliouawa na wengi zaidi waliokufa, kisha inaeleza majuto. Anayejidai mungu hachongi majuto yake mwambani.

Swali la 11. Devaputra ni lakabu ya nani?

Wakushani, watawala wa nchi kutoka Baktria hadi bonde la Ganges. Hapa hali ni nyingine kabisa. Sanamu ya mfalme wao Kanishka isiyo na kichwa, iliyopatikana Mat karibu na Mathura, ina maandishi yanayomwita maharaja, rajatiraja, devaputra: mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa miungu. Ilisimama katika jengo la sanamu za wafalme. Maandishi ya Rabatak, Afghanistan, yaliyopatikana mwaka 1993, yanaongeza kwamba ufalme wake aliupokea kutoka kwa mungu wa kike Nana na miungu wote, na yanamtaja yeye mwenyewe kama mungu anayestahili kuabudiwa.

Lakabu hizi zimekusanywa njiani. "Mfalme wa wafalme" ni ya Iran. "Mwana wa miungu" wanazuoni wengi wanaihusisha na "Mwana wa Mbingu" wa Uchina. Maandishi ya Ara, karibu na Attock nchini Pakistan, yanamwongezea mmoja wa wafalme wa Kushani "kaisara", yuleyule Kaisari wa Roma. Wafalme wa njia ya biashara walivaa vyeo vya majirani wote.

Wakati huohuo sarafu za Kanishka zina picha za miungu wa Kiyunani, Kiirani na Kihindi, na chache zina Buddha akiwa amesimama, jina lake likiwa katika herufi za Kiyunani. Mapokeo ya Kibuddha yanamkumbuka kuwa mfadhili mkubwa. Mfalme aliyeitwa mungu na mfalme aliyefadhili watawa walikuwa mtu mmoja, na hakuna aliyeona shida.

Swali la 12. Nini kilibadilika zama za Gupta na baada yake?

Nguzo ya Allahabad, yenye amri za Ashoka, iliongezewa karne ya 4 sifa za mfalme Samudragupta zilizotungwa na Harishena. Zinamlinganisha na Kubera, Varuna, Indra na Yama, na kumwita mungu akaaye duniani. Manu angefurahi. Jiwe lilelile, lakabu mbili: kwanza mpendwa wa miungu, baadaye mungu mwenyewe.

Baadaye lakabu za ibada zikashika nafasi. Bamba la shaba la Banskhera, la mfalme Harsha aliyetawala 606 hadi 647, linamwita baba yake mcha Jua, kaka yake Rajyavardhana paramasaugata, yaani mfuasi mkuu wa Buddha, na Harsha mwenyewe paramamaheshvara, mfuasi mkuu wa Shiva. Nyumba moja, mabwana watatu. Wafalme wa Pala wa Bengal, Wabuddha kwa lakabu, waliendelea kujiita pia parameshvara, bwana mkuu, jina ambalo Shiva naye analo.

Swali la 13. Je, Jayavarman II wa Kambodia alijitangaza mungu mwaka 802?

Jibu kwa tahadhari. Habari inatoka katika maandishi ya Sdok Kak Thom ya karne ya 11, takriban miaka 250 baada ya tukio. Yanasema Brahmini alifanya ibada kwenye mlima Mahendraparvata, mlima wa Indra Mkuu, ili nchi iwe na chakravarti mmoja. Humo linatajwa neno devaraja. Wengi walilisoma "mfalme aliye mungu", lakini maneno ya Kikhmer yanayoambatana nalo yanaweza kumaanisha "bwana wa ulimwengu aliye mfalme", pengine mungu mlinzi au sanamu iliyobebwa kutoka mji mkuu hadi mji mkuu, wala si mtu aliyekaa kitini. Ukiandika "alijitangaza mungu" bila neno "huenda", utakatwa alama.